Mwanamke, Miaka 54, Useremala, Gisozi

...kumi na nne, zimebaki kurasa kumi na nne, tuko ukurasa wa tisa na ule mstari uko wa ishirini na tatu, na Benon, msimamizi wa ripoti huko Wakfu, wafadhili wetu, anasoma polepole kama mtu anayetoa miiba ya samaki, siku nyingine ningechoka naye lakini leo namwombea asome polepole zaidi, asimame kwenye kila nukta, azungumzie ramani mpaka adhuhuri, maana sasa hivi anazungumzia ramani, anasema kijani kilichopakwa Gisozi hakifanani na kijani cha Wakfu, na Ariane anaandika, kila anachosema Benon Ariane anaandika, ndiyo kazi aliyoajiriwa, naye Léonidas amekaa ng'ambo ya meza mbele yangu na koti lake la buluu, nakala yake ya rasimu imefungwa, hajaigusa, ameweka mikono juu yake kama mtu anayesubiri chakula, basi asiifungue, Mola wangu, asiifungue, na mimi yangu nimeifungua mapajani chini ya meza, pale pale, ishirini na tatu, kana kwamba nikiutazama sana ule mstari utaona haya uondoke, hauondoki, uko pale kwa herufi za mlazo, "Ile mashine ya kuranda haikai hapa. Inaletwa kwa pikapu siku wageni wanapokuja, wakiondoka inarudi kwa shemeji yake mratibu," na chini ya maneno hayo, kwa mkono wangu mimi Zulfa, mwenye shahada mbili na miaka kumi na mmoja ya ushauri, nimeandika mwanamke, miaka 54, useremala, Gisozi. Na mratibu ndiye huyu, Léonidas, ndiye anayeisimamia karakana ya Gisozi, ndiye aliyezipokea mashine za Wakfu, ndiye ananitabasamia sasa hivi na kunisogezea sukari.

Jina sikuandika, najiambia mara ya ngapi sijui, jina sikuandika, majina yote niliyatoa, kila mtu nikampa namba, orodha nikaifungia kabatini nyumbani Nyamirambo na ufunguo nikautia ndani ya kopo la majani ya chai, nilijiona mwangalifu kuliko washauri wote wa Kigali, wale wanaosahau madaftari yao hotelini, na kweli jina halipo, lakini karakana ile ina mafundi mbao arobaini na saba na mwanamke ni mmoja, mmoja tu, na hilo nalo nimeliandika mimi mwenyewe, ukurasa wa kumi na mbili, ndani ya jedwali, useremala, wanaume 46, wanawake 1, kwa hiyo mtu akiwa na kurasa mbili tu mkononi hahitaji jina, hata mtoto wa darasa la pili atakutajia, Kabagwira. Na nimegundua lini? Nusu saa iliyopita, hapa hapa, wakati Benon anasifu jalada, nikafungua kurasa bila sababu ili macho yapate kazi, nikaliona, mimi niliyeisoma ripoti hii mara nane nikiwinda mikato na herufi kubwa. Kwa wale mama wa ushonaji haina neno, mwanamke, miaka 31, ushonaji, wako arobaini na zaidi, utamjua yupi, kwao ile desturi yetu ya kuandika jinsia na umri na fani ni pazia, kwa Kabagwira ni kidole kinachomwelekea usoni, na mkono uliozoea haukutofautisha, mkono uliandika tu. "Zulfa, uko nasi?" Niko, nasema, niko, kijani tutakibadilisha, na Benon anasema vizuri, ukurasa wa kumi, na karatasi zao mbili zinageuka pamoja, ya Benon na ya Ariane, ya Léonidas bado imelala chini ya mikono yake.

Kumi na tatu. Niimwage chai, thermosi ile pale, nijifanye mkono umeteleza, nakala zilowe, lakini Ariane ana nyingine kwenye kompyuta na projekta inawaka, watu watafuta meza, watacheka, wataendelea. Niseme nimeleta toleo lisilo sahihi, samahani wakubwa, hili ni la zamani, Benon atasema hamna shida, tutumie sasa hivi hilo sahihi, na sina. Niseme hamsini na nne ni kosa la uchapaji, ni arobaini na tano, kwani mwanamke mmoja akipunguziwa umri anakuwa wawili? Njia ya mwongo fupi, mama yangu mshonaji angesema hivyo huku sindano mdomoni, yangu haifiki hata mlangoni. Niende chooni nimpigie Kabagwira, nimwambie nini, mama, jiandae, nimekuuza? Hofu yenyewe ina ladha, ladha ya sarafu ulimini, niliionja mara ya mwisho nikiwa msichana na sitaki kukumbuka wapi, na kiyoyozi kinapuliza shingoni, hizi ofisi za Kimihurura zinapoa kama bucha, na dirishani bustani inamwagiliwa na mtu mwenye viatu vya mpira ambaye hamwogopi mtu yeyote. "Wakfu unajivunia uhuru wa washauri wake," Benon anasema, anarudia maneno ya dibaji, na mimi nilikuwa nacheka na wenzangu juu ya sentensi hiyo, mshauri huru, huru kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu, unakula popote kamba inapofika, wanakuandikia hadidu za rejea, siku ishirini na tano, utazame kama mashine zimewafaa mafundi, uwe wazi, uwe jasiri, halafu rasimu ya kwanza inarudi imejaa wino mwekundu, tatizo liitwe changamoto, changamoto iitwe funzo, na pembeni ya sura ya nne Benon kaandika ripoti haina sauti za wanufaika, bodi inataka kuwasikia, ongeza sauti kumi na mbili, kila sauti iwe na jinsia, umri, fani, mahali. Nikaziongeza Jumamosi mchana, mama ananiita pilau inapoa, nakuja mama, nakuja, nikakata maneno ya watu kwenye daftari nikayabandika, kumi na mbili, nikahesabu, nikaenda kula, nikala nikashiba.

Siku ya mahojiano Kabagwira alinifanyia nafasi juu ya ubao, ndivyo tulivyoanza, akaupangusa kwa khanga yake kwanza, akasema madamu utachafuka, huku vumbi la mbao ni kama ndugu yetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, cha Ngagara, alikolelewa na baba fundi asiyekuwa na mtoto wa kiume, baba akamtia randa mkononi akiwa na miaka tisa, na mwaka 2015 kule kulipochafuka akarudi huku kwao asikokujua na randa mbili ndani ya kitenge, mume alibaki barabarani, hakusema alibakije na mimi sikuuliza. Alikuwa anatengeneza mlango. Akaongea vizuri tu juu ya mambo madogo, mvua, bei ya mvule, wateja wanaokuja wakitafuta fundi na kumwuliza yeye fundi yuko wapi, tukacheka, halafu akatazama kalamu yangu. "Madamu, haya unaandika yanaenda wapi?" Kwa Wakfu, mama, bila jina. "Bila jina kabisa?" Kabisa. "Sababu huyu Léonidas ndiye iko na orodha ya meza. Akikufuta, hauna meza. Hauna meza, hauna kazi. Mimi niko na miaka makumi tano na ine, nani atanipa meza ingine?" Nikamwambia hakuna atakayejua. Akanitazama kitambaa cha kichwani. "Wewe ni Mwislamu?" Ndiyo, mama. "Basi apa." Na mimi nikaapa, wallahi mama, hakuna atakayejua ni wewe, niliapa haraka, kama mtu anayetia sahihi mapokezi, nilikuwa na mahojiano mengine mawili kabla ya saa saba, na yeye Mkatoliki na rozari shingoni aliichukua ile wallahi akaiamini kuliko mimi niliyeitoa, akavuta pumzi, akasema sawa mwanangu, andika sasa, ndipo akanieleza habari za pikapu. Mwanangu, aliniita. Mdomo uliponza kichwa, ila hapa mdomo wangu umeponza kichwa cha mwenzangu, na kiapo changu kiko wapi sasa, kiko ukurasa wa ishirini na tatu kwa herufi za mlazo, na huko juu wameshakiandika pia, huko hakuna rasimu.

"Ukurasa wa kumi na moja," anasema Benon, "hapa sina neno, nani ana neno?" hakuna mwenye neno, kumi na mbili zimebaki, mbona sasa anakimbia, na nitakuwa mkweli na nafsi yangu kwa vile hakuna anayesikia, mimi nilichokiogopa kwanza hakikuwa Kabagwira, kwanza niliogopa jina langu, Wakfu una orodha yake ya washauri na miji hii yote midogo, ukiharibu Kimihurura saa nne, saa sita wanajua Kacyiru, watasema Zulfa aliuza siri ya shahidi, watasema Zulfa alimchafua mshirika bila ushahidi, yote mawili kwa mpigo, na kazi inayofuata atapewa yule Clovis mwenye mikufu, huyo ndiye niliyemfikiria, Clovis, kabla ya mwanamke wa Gisozi, na aibu ya hilo inakuja juu ya hofu, zinakaa pamoja, hazisukumani. "Naomba," anasema Léonidas. Hajafungua nakala. Amenyoosha kidole kimoja kwa heshima kama mwanafunzi. "Mbele ya kuendelea, Bwana Benon, ukurasa wa kumi na mbili. Iko rekebisho dogo." Benon ananigeukia mimi, anasema kwa upole ahaa, mshirika ameshapitia, vizuri sana, na Ariane bila kuinua macho anasema, "Tulimtumia Jumatano, kama kawaida, ahakiki takwimu." Kama kawaida. Jumatano. Leo Jumanne. Kama kawaida, ndiyo, iko kwenye mkataba wangu na kila mkataba niliotia sahihi miaka kumi na mmoja, rasimu hupewa mshirika siku tano aihakiki kabla ya kikao, kifungu cha tisa, nakijua kwa moyo, hata nimewahi kukisifu, nikasema ni haki, mtu asisemwe bila kujibu, na Jumamosi ile nikibandika sauti nilimwona Benon tu akisoma, Benon na bodi yake huko mbali, sikumwona huyu. Kwa hiyo hakufungua kwa sababu alishafungua. Siku sita amekuwa nayo. Mimi nimekaa hapa nahesabu kurasa kama mfungwa na yeye amekuwa nayo siku sita, amelala nayo, ameenda nayo kazini, ameilinganisha na orodha yake meza moja moja.

"Hapa pameandikwa mwanamke moja upande wa mbao," anasema Léonidas, na sauti yake haina hasira hata kidogo, laiti ingekuwa na hasira, "sasa hakuna. Ile mama aliacha Ijumaa. Kwa hiari yake. Alisema amechoka, umri." Benon anasema oh, pole, ni hasara, alikuwa mfano mzuri kwa wasichana, tulimpiga picha, picha si iko kwenye jalada? Ariane anasema iko. Benon anafikiri kidogo, anasema picha ibaki, namba ndiyo ibadilike, tuandike sifuri, Zulfa, tafadhali rekebisha kwenye yako, na Léonidas ananitazama kwa mara ya kwanza leo machoni, anasema, "Ni ripoti nzuri sana, madamu. Murakoze, asante. Tuliisoma yote." Yote, amesema, na neno hilo ameliweka mezani taratibu kama glasi iliyojaa. Kalamu iko mkononi, sijui niliishika saa ngapi, na jedwali liko mbele yangu, sasa nakala yangu iko juu ya meza, nani aliyeipandisha, mimi, na namwona Kabagwira Ijumaa, sitaki kumwona, namwona, anaitwa ofisini asubuhi, anadhani ni mteja, anafuta mikono, haelezwi kitu, mtu kama Léonidas haelezi, anasoma tu majina ya wenye meza kwa mwezi ujao na yako halimo, na mafundi arobaini na sita wanainamia mbao zao maana kila mmoja ana meza, na yeye anajua, mara moja anajua, habari ile alimwambia nani mwingine isipokuwa yule binti wa Nyamirambo mwenye wallahi yake. Hakunipigia. Namba yangu anayo, nilimpa kadi, hakunipigia hata kunitukana, na hilo linanitisha kuliko Léonidas, yaani hakushangaa, yaani alipokuwa ananiapisha alikuwa anajua viapo vya watu wenye kadi vinakwenda wapi, akasema hata hivyo.

Na kuna jambo jingine, linakuja sasa, sikuliita, linakuja na ile harufu ya karakana, mimi niliiona ile mashine. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilisimama mbele yake kabla sijakaa na Kabagwira, Léonidas mwenyewe alinipeleka, akaipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa maonyesho, na chini yake sakafu ilikuwa safi, karakana nzima unakanyaga vumbi la mbao mpaka kifundoni na chini ya mashine ya kuranda hakuna hata punje, na waya wake umeviringwa na kufungwa kamba mpya, na ukutani karibu yake hakuna tundu la umeme ambalo plagi ile ingeingia, niliyaona yote matatu, niliyaandika kwenye daftari kwa mkono wangu, saa nne na robo, na kwenye ripoti hayamo. Hayamo kwa sababu mshauri akiandika niliona, ataulizwa, uliona lini, nani alikuwepo, picha iko wapi, na jina lake ndilo litakalokaa pembeni ya neno hilo milele, lakini akiandika mnufaika mmoja alisema, hakuna anayemwuliza mshauri kitu, amebeba tu, ni posta. Sikuhitaji maneno ya Kabagwira. Nilikuwa na yangu. Nikayaficha yangu nikayatanguliza yake, mimi mwenye shahada mbili na nyumba ya urithi na kazi nyingine mbili zinaningoja, nikamsukuma mbele mwanamke mwenye meza moja, na kurasa zile, kumi na mbili na ishirini na tatu, na umri na fani, hayo ni makosa ya mkono, hili halikuwa la mkono. "Zulfa?" anasema Benon, "tunaweza kusonga?" anatazama saa yake, ana mgeni saa tano, na mwenye viatu vya mpira huko nje amehamia maua mengine, hamna kilichobadilika humu ndani, chai bado inatoa moshi, projekta inaunguruma, ukurasa ni ule ule wa kumi na mbili. "Umeandika sifuri?" ananiuliza Ariane. Bado, nasema, wote watatu wananitazama, na naogopa, naogopa kuliko nilipokuwa nahesabu, maana najua nikifungua mdomo tena nitasema niliiona mimi, kwa macho yangu, saa nne na robo, na najua hata nikisema haitamrudishia Kabagwira meza yake.